Kitanzi cha fimbo ya skii: niliyojifunza baada ya kuumia gumba

Gumba langu la kulia huamka likiwa gumu kila asubuhi ya baridi. Nikilikunja na kulikunjua taratibu mara kumi hivi hulegea, nikalisahau hadi kesho yake. Limebaki hivyo tangu anguko moja dogo, ambalo aliyekuwa karibu nami hakugeuka hata kutazama. Nilikuwa nateremka mteremko mpana wa theluji uliosawazishwa vizuri, kwa mwendo wa mtu anayetafuta mahali pa kupumzika. Skii ya kushoto, ule ubao mrefu mwembamba unaofungwa kiatuni kwa kutelezea, ikakwama kwenye theluji iliyorundikana, nikaenda chini upande wa kulia, nikatanguliza mkono kama afanyavyo mtu yeyote anayeanguka. Fimbo ilikuwa bado mkononi. Mpini wake ulikuwa umekaa kati ya gumba na kidole cha shahada, na uzito wote wa mwili ukaja juu yake. Gumba likasukumwa kando, mbali na kiganja, kuelekea kule ambako halikuumbwa kwenda.

Nilisimama, nikajikung'uta theluji, nikateremka hadi chini. Maumivu yenyewe yalikuja usiku, niliposhindwa kufungua kifuniko cha chupa ya maji.

Daktari aliushika mkono wangu, akalisukuma gumba kidogo upande mmoja, akaniangalia usoni. "Fimbo ilikuwa mkononi ulipoanguka?" Sikuwa nimemwambia neno lolote kuhusu fimbo. Akanieleza kwamba kwenye kiungo cha chini cha gumba, upande unaotazamana na kidole cha shahada, kuna kano inayolizuia gumba lisifunguke kupita kiasi. Kano hiyo ndiyo inayokuwezesha kubana ufunguo au kushika kikombe. Mpini wa fimbo ukiwa umekaa pale wakati wa kuanguka hufanya kazi ya wenzo: unaibandua kano kutoka mahali pake. Ni miongoni mwa majeraha ya mkono yanayowapata wanaskii kwa wingi, na madaktari wa nchi nyingi huliita gumba la mwanaskii.

Aliniambia pia kitu ambacho sijakisahau. Jeraha lenyewe lilielezwa na daktari aitwaye Campbell mwaka 1955, akiwaangalia walinzi wa mashamba ya mawindo huko Uskoti ambao magumba yao yalikuwa yamelegea kwa sababu ya kunyonga sungura siku baada ya siku. Kwao iliwachukua miaka. Mimi nilifika hapo kwa sekunde moja.

Kano yangu ilikuwa imechanika sehemu tu, kwa hiyo nikafungwa banzi gumu la kulishikilia gumba kwa wiki 6. Ingechanika yote ingekuwa habari nyingine. Ncha ya kano iliyokatika huweza kuruka na kukaa juu ya utando wa msuli ulio jirani, na ikishakaa hapo haiwezi kurudi kuungana na mwenziwe bila upasuaji. Hali hiyo inaitwa kwa jina la Bertil Stener, daktari wa Sweden aliyeieleza mwaka 1962. Naandika haya kwa makusudi. Nimekutana na watu wengi wanaosema "gumba limeteguka tu, litapona" na kukaa nalo wiki tatu. Gumba likivimba upande huo na ukashindwa kubana karatasi kati yake na kidole cha shahada, nenda likaangaliwe mapema.

Wiki 6 ni muda mrefu kwa mtu aliyezoea kutumia mikono. Zilinipa nafasi ya kulitafakari anguko lile hatua kwa hatua, na kila nilipolitafakari nilirudi kwenye kitu kimoja nilichokuwa sijawahi kukifikiria: kile kitanzi cha utepe kilicho juu ya mpini wa fimbo.

Niseme ukweli. Kilichochana kano ni mpini, si kitanzi. Lakini kitanzi ndicho kilichouweka mpini pale. Vidole vyangu vilikuwa vimefunguka wakati naanguka, nakumbuka vizuri sana, na fimbo ingekuwa imekwenda zake. Haikwenda kwa sababu ilikuwa imefungwa kwenye mkono wangu. Isitoshe, nilikuwa nimekivaa vibaya.

Nilikuwa nakivaa kama bangili. Naingiza mkono kutoka juu, nashika mpini, naondoka. Nilijua ipo njia nyingine, nilikuwa nimeonyeshwa siku ya kwanza kabisa, lakini ukiwa na glavu nene, kitanzi kimelala na kujisokota, watu wanakusubiri na upepo unavuma, unachukua njia ya mkato. Niliichukua njia hiyo kwa misimu minne.

Niliporudi mlimani nilimwomba mwalimu mmoja, mama aliyefundisha skii kwa miaka mingi, anionyeshe upya kana kwamba sijawahi kushika fimbo. Hakunicheka. Alisimamisha fimbo mbele yangu.

"Ingiza mkono kutoka chini," akasema. "Kitanzi kikae nyuma ya kifundo cha mkono. Sasa inua mkono mpaka uwe juu ya mpini, halafu shuka nao. Ushike mpini na utepe kwa pamoja."

Nikafanya.

"Sasa fungua vidole. Vyote. Usukume."

Nikasukuma huku kiganja kiko wazi, na fimbo ikanisogeza mbele kwenye theluji tambarare. Nilishangaa. Nguvu ya mkono ilikuwa inapita kwenye utepe, kutoka nyuma ya kifundo kwenda juu ya mpini na kushuka kwenye fimbo hadi nchani. Vidole havikuwa na kazi ila kuiongoza fimbo.

"Umeona? Ukivaa kama ulivyokuwa unavaa, unalazimika kuubana mpini kwa nguvu mchana kutwa. Mkono uliobana hauachii haraka. Ukiona unaanguka, fungua vidole, sogeza mikono mbali na fimbo, na usiutangulize mkono ukiwa umeshika kitu."

Siku ile nilielewa jambo ambalo limeongoza kila nilichofanya baadaye. Watu huyataja mambo haya mawili kana kwamba yanapingana: wepesi wa kuvaa upande mmoja, usalama upande mwingine. Mimi sikuumia kwa kukosa maarifa. Niliumia kwa sababu njia sahihi ilinichukua sekunde kumi na tano za kupapasa na njia mbaya ilinichukua mbili. Anayetaka watu wavae vitanzi ipasavyo aanze kwa kuifanya njia sahihi iwe nyepesi.

Basi nikaanza na yaliyo rahisi.

Cha kwanza kilichokuwa kinanichelewesha ni utepe kulala. Utepe wa nailoni ukilowa hunywea, ukiganda hujikunja, na unakuta kitanzi kimefumba kama mdomo uliokaza. Nilikata kipande chembamba cha plastiki kutoka kwenye chupa ya sabuni, upana wa sentimita moja na nusu, nikakilaza kwenye sehemu ya nyuma ya kitanzi na kukifunika kwa utepe mwingine niliouzungushia mshono. Plastiki ile inakumbuka umbo lake. Tangu hapo kitanzi kinasimama wazi, hata kikiwa na theluji, na mkono wenye glavu unaingia bila kusaidiwa na mkono wa pili. Kama una muda wa kufanya kitu kimoja tu kati ya haya yote, fanya hiki.

Cha pili ni kujisokota. Kitanzi kina upande wa kulia na wa kushoto ingawa fimbo nyingi haziandikwi. Ukishuka na mkono, ile sehemu ya utepe inayopita kati ya gumba na kidole cha shahada inapaswa kulala bapa juu ya kiganja. Ukibadilisha fimbo, ukingo wa utepe unasimama na kukukata. Nilishona uzi mwekundu kwenye kitanzi cha kulia. Naona rangi, nachukua fimbo, basi.

Urefu nao nilikuwa nimeukosea. Nilikuwa nimeacha kitanzi kirefu ili mkono uingie kwa urahisi, kumbe kirefu ni kibaya mara mbili: hakibebi uzito unaposukuma, na hukuacha ukiwa umeshika katikati ya mpini. Kivae ukiwa na glavu utakazotumia, shuka na mkono, kisha ona kama umekaa pale juu ambapo mpini umechongwa kwa ajili ya kidole kidogo na gumba. Ukiwa umeteremka, fupisha. Fimbo nyingi zina kabari ndogo kichwani. Unaivuta juu kwa utepe, unarekebisha, unaishindilia tena. Nilipopata urefu wangu nikautia alama kwa mshono ili nisipime tena.

Kwa hayo matatu nilishuka kutoka sekunde kumi na tano hadi nne au tano kwa mikono yote miwili. Nilijipima. Nikaanza kuvaa ipasavyo kila mara bila kujilazimisha.

Kuvaa lilikuwa limetatuliwa. Kuachia bado.

Somo la kuachia nililipata kwenye miti. Tulikuwa watatu, tumetoka nje ya njia iliyosawazishwa, tunapita kati ya misonobari ambako theluji ilikuwa bado haijakanyagwa. Kile kisahani cha plastiki kilicho karibu na ncha ya fimbo, kinachoizuia isizame, kikaingia kwenye tawi lililozikwa. Mimi nikaendelea, fimbo ikabaki. Mkono wangu wa kushoto ulivutwa nyuma na juu kwa nguvu kiasi kwamba nilizungushwa na kuangukia mgongo. Bega halikutoka, lakini lilisogea, na nililala pale nikipumua polepole nikisubiri kujua kama limerudi mahali pake.

Mwenzangu mmoja, mtu mzima aliyezaliwa kwenye theluji, alikuja kunisaidia kuinuka. Nikaona mikono yake: vitanzi vyake vilikuwa vinaning'inia, hakuvivaa.

"Kwenye miti huwa unavitoa?" nikamuuliza.

"Kwenye miti, na popote palipo na theluji yenye kina. Fimbo naweza kuirudia. Bega nalirudia wapi?"

Kisha akanieleza kuhusu shimo linalojificha kwenye shina la mti. Matawi ya chini ya msonobari huikinga theluji isijae karibu na shina, pakabaki pengo lililofunikwa na theluji laini. Mtu akianguka humo mara nyingi hutangulia kichwa, na theluji humjalia juu. Mikono ndiyo pekee inayoweza kumtengenezea nafasi ya hewa na kumshikisha tawi. Mikono iliyofungwa kwenye fimbo za mita moja na zaidi, zilizozama kila moja upande wake, haiwezi kufanya lolote kati ya hayo.

Hali ni hiyo hiyo, tena mbaya zaidi, kwenye maporomoko ya theluji. Theluji inayoporomoka huzivuta fimbo chini, nazo zikiwa zimefungwa kwenye mikono huwa nanga. Wanaofundisha usalama wa milimani hulisema hili bila kusita: ukiingia mahali penye hatari ya maporomoko, toa mikono kwenye vitanzi kabla hujaanza kuteremka. Baada ya theluji kusimama huganda kama saruji, na aliyefukiwa anahitaji mikono iwe mbele ya uso wake kabla haijaganda, ili abaki na nafasi ndogo ya kupumulia. Uwezekano wa kutolewa hai hushuka haraka sana baada ya dakika kumi za mwanzo. Sijawahi kufukiwa, namshukuru Mungu. Lakini tangu nilipolielewa hili sijawahi tena kupita mteremko wa aina hiyo nikiwa nimevaa vitanzi, hata pale ambapo wenzangu wote wamevivaa.

Jioni ile bega likiniuma nilikaa na fimbo moja mapajani, nikaanza kuivuta huku na huku. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo naamini wengi hawalioni. Ninaposukuma, mkono unakandamiza utepe kuelekea chini, upande wa ncha. Fimbo inaponaswa na mimi naendelea kwenda, mkono unavuta utepe kuelekea juu, upande wa kuikimbia ncha. Nguvu ya kazi na nguvu ya hatari zinakwenda pande mbili zilizo kinyume kabisa! Kitanzi cha kawaida kinazishika zote mbili kwa uimara uleule, ilhali kinachotakiwa ni kimoja: kishike sana kuelekea chini, kiachie kirahisi kuelekea juu.

Waliotengeneza vitanzi vya kufyatuka walikuwa wameliona zamani. Kampuni ya Leki ya Ujerumani ina fimbo ambazo kitanzi hakijafungwa moja kwa moja kwenye mpini. Unavaa glavu yenye ugwe mdogo kati ya gumba na kidole cha shahada, au kitanzi cha kujitegemea, kisha unaubana ugwe huo kwenye kichwa cha mpini hadi ulie "ta". Kubonyeza kitufe kunakutoa, na ukivutwa juu kwa nguvu hujifyatua wenyewe. Kuna kampuni nyingine zenye mbinu za namna hiyo. Nilipozijaribu za kuazima nilizipenda sana, hasa wepesi wake: mkono mmoja, sauti moja, umevaa. Jambo moja la kuangalia ni theluji kuingia kwenye tundu la kichwa cha mpini. Ukiitumbukiza fimbo kichwa chini kwenye theluji wakati wa mapumziko, utakuta tundu limeziba barafu. Pulizia, au kwangua kwa ncha ya kitu.

Wenye haja kubwa zaidi ya wepesi ni wanariadha wa baiathloni. Hao wanakimbia kwa skii za masafa huku bunduki ya angalau kilo 3.5 ikiwa mgongoni, na mara 2 au 4 katika mashindano husimama kulenga shabaha 5 zilizo umbali wa mita 50. Kila wanaposimama lazima mikono iachane na fimbo, na wanapoondoka lazima iungane nazo tena huku saa ikihesabu. Hawawezi kuacha vitanzi kabisa, kwa sababu kwenye skii za masafa kitanzi ndicho kila kitu: mkono unapita nyonga, vidole vinafunguka, fimbo inabaki nyuma ikishikiliwa na kitanzi peke yake, kisha kitanzi kinairudisha kiganjani. Ndiyo maana vitanzi vyao vimeshonwa kama nusu glavu, vina tundu la gumba, vinafungwa nyuma ya kifundo kwa velkro, yaani utepe wa vikulabu vidogo unaobandikwa na kubanduliwa, na vimeandikwa kulia na kushoto. Baadhi yao hukivaa kitanzi kabla ya kuanza na hawakivui. Wanachofanya ni kuibandua fimbo kutoka kwenye kitanzi na kuibandika tena. Nilipomtazama mmoja akifanya hivyo nilisahau kabisa kutazama shabaha.

Mimi nilikuwa na fimbo zangu, nzima, ambazo sikutaka kuzitupa. Nikajaribu kuzifanya zifyatuke.

Jaribio la kwanza lilikuwa kukata utepe na kuunganisha kwa ukanda mwembamba wa plastiki, ule wa kufungia nyaya, nikitarajia ukatike fimbo ikinaswa. Usifanye hivi. Plastiki kwenye baridi haitabiriki. Mmoja ulikatika nikiwa nasukuma polepole kuelekea kwenye lifti ya kupandisha watu mlimani. Mwingine niliuning'inia kwa uzito wa mwili mzima na haukukatika.

Jaribio la pili ni velkro, na hapa nilikaa muda mrefu. Velkro ina tabia inayofanana kabisa na tunachokitaka. Ukiivuta kwa kuiteleza, sambamba na uso wake, inashika sana. Ukiinyanyua kutoka ukingoni, inabanduka kwa nguvu ya mtoto. Kwa hiyo nilikata ncha zote mbili za utepe kutoka kwenye mpini, nikazishona pamoja kwenye kipande kimoja cha velkro, na kipande mwenza nikakibandika nyuma ya kichwa cha mpini kwa gundi na kukizungushia uzi wa nailoni juu na chini. Siri iko hapa: utepe lazima utokee kwenye ukingo wa chini wa kipande. Ukisukuma, mvuto unakwenda chini, velkro inateleza juu ya mwenzake na kushika. Ukivutwa juu, utepe unajikunja na kuanza kubandua kutoka ukingo ule wa chini, mstari mmoja mmoja, hadi wote utoke.

Kipande changu cha kwanza kilikuwa kidogo mno, sentimita 2.5 kwa 3. Kiliachia kila niliposukuma kwa nguvu, na mara moja kiliachia nikiwa katikati ya eneo tambarare na watu nyuma yangu. Nikachukua mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mizigo ya safari, nikafunga kitanzi na kusukuma kama nisukumavyo siku zote. Ilisoma kilo 10, mara nyingine 12. Basi nikakuza kipande hadi sentimita 4 kwa 5, kikizunguka nusu ya kichwa cha mpini. Kuelekea chini kikashika zaidi ya kilo 15. Kuelekea juu kikabanduka kwa kilo moja na nusu hivi. Fimbo yenyewe ina gramu 250, kwa hiyo ikining'inia mkononi haidondoki, hata nikitikisa.

Velkro ina adui wake, theluji yenye unyevu. Vikulabu vikijaa barafu havishiki tena. Dawa niliyoipata ni kutoiacha wazi: nikibandua, nabandika tena hapo hapo kabla theluji haijaingia, na jioni naikausha mbali na moto. Hata hivyo huchakaa. Nabadilisha mwanzo wa kila msimu bila kungoja ione uchovu, kisha naipima tena kwa mizani. Ukiamua kutengeneza yako, usiruke kupima. Kila mpini una umbo lake na kila velkro ina nguvu yake, na kipimo changu si chako.

Kwenye lifti ya viti, vile vinavyoning'inia kwenye waya na kupita bila kusimama, sina mjadala, kitanzi hakivaliwi. Kinaweza kunasa kwenye kiti wakati wa kushuka, na kiti hakisubiri. Natoa mikono nikiwa bado kwenye foleni, nashika fimbo zote mbili kwa mkono mmoja, mkono wa pili unabaki huru kwa ajili ya kiti. Hapa ndipo kitanzi kinachosimama wazi kinalipa zaidi, kwa sababu juu kule huna haja ya kusimama ukizuia njia.

Watoto wadogo na wanaoanza, ni heri wasipewe vitanzi kabisa. Na walimu wengi hawawapi hata fimbo kwa siku za mwanzo. Kuna pia madaktari wanaoshauri hata watu wazima waache vitanzi moja kwa moja ili fimbo iende zake mtu akianguka. Nawaheshimu, na kwa aliyewahi kupasuliwa gumba ningemwambia hivyo hivyo. Mimi mwenyewe bado navaa kwenye njia zilizosawazishwa. Fimbo inayokuponyoka kwenye mteremko mgumu huteleza hadi kwa watu walio chini, na yenye ncha ya chuma si kitu cha kuachia hivi hivi. Tena napenda kusukuma kwa kiganja kilicholegea kama nilivyofundishwa.

Msimu uliopita, alasiri, mwanga ukiwa umefifia na theluji imegeuka kijivu, nilikata kona karibu mno na ukingo wa njia, pale panapowekwa wavu wa plastiki wa kuzuia watu wasitoke. Kisahani cha fimbo ya kushoto kikaingia kwenye tundu la wavu. Nilikuwa na mwendo. Nikausikia mkono ukianza kuvutwa nyuma, bega likakumbuka kila kitu, nikakunja uso nikisubiri.

Ikalia "chraaa" fupi, kama mtu anayefungua mfuko wa koti. Mkono ukarudi mbele yangu ukiwa mwepesi.

Nilisimama mita kama kumi chini. Kitanzi kilikuwa kwenye kifundo changu, kipande cha velkro kinapepea. Juu yangu fimbo ilikuwa imechomekwa kwenye wavu, inatikisika kidogo kidogo, halafu ikatulia. Nikavua skii, nikazichomeka kwenye theluji, nikapanda kuifuata.